Natafuta makala ya mjusi aliyepewa jina la Boheti

Mwalimu wa Ng'apa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Lindi. Wanafunzi wangu wanamjua mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa huku kwetu na sasa yuko Berlin, ila Boheti bin Amrani hawajamsikia kabisa, na ndiye aliyewasimamia vibarua Wajerumani walipochimba, 1909 hadi 1913. Mifupa ile ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari yetu!

Mwaka 2007 mtafiti Kristian Remes alimpa mjusi mmoja jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, katika jarida la Palaeontology, juzuu ya 50. Mimi naambulia muhtasari tu. Nataka maneno yenyewe yanayomtaja Boheti, niyasome darasani. Nipitie wapi?

Binti Mikindani
Mwalimu, nimefanya kazi maktaba ya chuo. Chukua kichwa cha makala kama kilivyo, kitafute Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaalamu, kisha fungua orodha ya matoleo yote chini yake. Nakala ya bure mara nyingi imekaa humo. Ukikosa, ingia tovuti ya Palaeontological Association, jarida ni lao.

Kuna pia Research4Life, mpango wa kuzipatia nchi kama yetu makala za kitaalamu bure au kwa bei nafuu, ila anayejiunga ni taasisi, siyo mtu binafsi. Ulizia mkutubi wa chuo chochote kilicho karibu.

Nachingwea Kwetu
Mwandikie mtafiti mwenyewe, mwalimu. Hapati hata senti makala yake ikiuzwa, na wengi hufurahi kusomwa. Barua iwe fupi: wewe nani, unafundisha wapi, makala ipi, ya kazi gani. Mweleze habari ya Boheti na darasa lako, hiyo ndiyo itakayomgusa.

Mchimba Miamba
Naongezea jambo moja. Mjusi huyo anajulikana kwa pingili mbili tu za shingo. Remes alimweka ukoo wa Diplodocus, watafiti waliofuata wakamhamishia kundi la akina Brachiosaurus na jamaa zake. Kwa hiyo tafuta na makala zilizomnukuu, watoto wasifundishwe lililokwisha kurekebishwa. Makala ya 1914 ya Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji wa Tendaguru, katafute Biodiversity Heritage Library, majarida ya zamani yamewekwa bure. Ni Kijerumani lakini.

Mwalimu wa Ng'apa
Ahsanteni sana ndugu zangu. Barua naiandika usiku huu. Aliye Lindi au Mtwara na anasoma Kijerumani anifuate faragha, hiyo ya 1914 tuitafsiri, wanafunzi waisome kwa Kiswahili.