Hilux inakaa chini nikifunga tela la boti, shokapu mpya hazijasaidia

Mvuvi wa Mikindani
Wakuu, habari za usiku. Nina Hilux ya dizeli, injini aina ya 5L, springi za nyuma ni zile za vyuma vilivyopangwa. Navuta boti ya faiba ya futi 18 kati ya Mikindani na Msimbati. Boti, mashine na tela ni kama tani moja, na tela lina breki zake.

Nikifunga tela, mkia unashuka mpaka taa za mbele zinamulika minazi. Kila ninayepishana naye ananiwashia taa, na mimi niko taa za chini! Usukani nao umekuwa mwepesi, kwenye mchanga gari linaenda linakotaka.

Gereji moja mjini waliniambia shokapu zimekufa. Kweli zilikuwa zinavuja, nikanunua mbili mpya. Kutoka katikati ya tairi la nyuma mpaka ukingo wa bodi: bila tela sentimita 50, na tela 43. Zilipofungwa mpya nikapima tena: 43. Sasa wananishauri niongeze vyuma viwili vya springi za lori la Canter kila upande. Mke wangu anauliza kwani siku hizi tunabeba mawe?

Fundi Chikongola
Pole kaka. Shokapu haibebi mzigo, inatuliza springi isirukeruke tu. Kubeba ni kazi ya springi. Canter achana nayo: bila mzigo gari litakupiga kiuno, na chuma kigumu kikikaa juu ya vilivyochoka, vile vya zamani vinakatika.

Lala chini na tochi. Linganisha mpindo wa kulia na kushoto, halafu angalia karibu na senta bolti, ile inayopita katikati ya vyuma vyote, vyuma vingi hukatikia hapo. Wewe unashusha boti baharini, tairi za nyuma zinaingia majini, sivyo? Chumvi inakaa kati ya chuma na chuma, inakula taratibu.

Mkulima Nanyamba
Kabla ya kununua chochote, pima uzito wa kichwa cha tela, pale linapofungwa kwenye gari. Mimi natumia mizani ya kupimia korosho. Tega mawe kwenye tairi za tela, weka gogo juu ya mizani, kalisha kichwa juu yake tela likiwa limenyooka. Kwa tani moja kichwa kiwe kilo 100 au kuzidi kidogo. Kikiwa 200, ujue kinaning'inia mita moja na ushee nyuma ya ekseli, kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba kama 280, na hizo 80 za ziada zimetoka kwenye tairi zako za mbele. Ndiyo maana usukani ni mwepesi.

Mvuvi wa Mikindani
Mkulima, Mungu akubariki. Mizani imesoma 190! Nanga, mnyororo na madumu mawili ya petroli vyote vilikuwa puani mwa boti. Nimevihamisha, nikairudisha boti nyuma sentimita 15, sasa ni 115. Kipimo cha gari kimepanda mpaka 45.

Fundi, nimelala chini kama ulivyosema. Kushoto chuma cha tatu kimekatika, ufa mzima umejaa kutu. Gereji walikaa chini ya gari hilo saa mbili wakifunga shokapu na hawakukiona. Nimeagiza seti mpya, pande zote mbili. Nifunge mwenyewe?

Fundi Chikongola
Unaweza, ukiwa na mtu wa kukusaidia. Simamisha chesisi kwenye stendi imara, jeki ya pili ishike ekseli. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Yubolti, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Kichwa cha senta bolti kiingie sawasawa kwenye tundu la ekseli, la sivyo gari litatembea kiubavu kama kaa.

Watu wengi wanakosea kwenye bolti za bushi (zinazokaa ndani ya macho ya springi) na shako (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Zishike kwa mkono tu kwanza, teremsha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inabaki imejinyonga na inachanika mapema. Baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti.

Halafu tazama kama kuna fimbo nyembamba kutoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki. Springi mpya zikiinua mkia, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Hiyo irekebishwe.

Mvuvi wa Mikindani
Mrejesho. Jumamosi tumefunga, mimi na mdogo wangu, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Yubolti za zamani zilikataa kabisa, tukazikata kwa msumeno. Fimbo ya vali ipo, fundi wa breki ameirekebisha.

Bila tela 54, na tela 50. Jana usiku nimerudi kutoka Msimbati, hakuna hata mmoja aliyeniwashia taa. Ila bila mzigo mkia unarusha kidogo, na shako ya kulia inalia kwi-kwi nikipita kwenye tuta. Fundi, hiyo niipake grisi au niiache izoee?

Fundi Chikongola
Bushi ni za mpira? Grisi ya kawaida usiguse, inazivimbisha. Zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, na kila ukitoka baharini fanya hivyo hivyo mpaka juu ya ekseli. Ikiendelea kulia, lete gari nilione.