Ukingo wa ndani wa kiwanja cha mbio za vumbi tuuweke alama gani?

mtoto_wa_duga
Wakuu habarini za jioni. Sie vijana huku Tanga tuna kiwanja cha kukimbizia pikipiki, udongo mwekundu, tumepiga greda la kuazima siku moja tu. Straiti mbili za mita 60, na kona mbili za nusu duara, mita 25 toka katikati mpaka ukingo wa ndani. Sasa shida ni huo ukingo. Asubuhi tunachora chokaa vizuri kabisa, mzunguko wa tatu haipo, watu wanakata kona tu, ikifika saa kumi njia yote imehamia ndani kama hatua mbili na aliyeshinda anaitwa mwizi, juzi kelele mpaka magharibi. Mmoja anasema tuzike matairi ya trekta mwengine anasema tupange mawe tuyapake rangi nyeupe. Mnatushauri nini, na hela ya maana hatuna.

babu_klachi
Mawe futa kabisa hiyo habari. Mtu anaanguka na kichwa.

fundi_wa_kange
Na matairi pia mie siyataki kwa pikipiki. Marekani kwenye viwanja vya magari vya udongo wanazika matairi makubwa nusu chini nusu juu upande wa ndani, sawa, lakini yule dereva yuko ndani ya keji ya vyuma amefungwa mikanda, na hata hivyo gurudumu likipanda tairi gari inaruka. Nyie mnapinda kushoto, mguu wa kushoto umeutoa nje unaburuza chini, sasa huo mguu ukikuta tairi umekuwaje? Mie mwenyewe nilishavunjika kifundo hivyo hivyo miaka ile, miezi mitatu natembelea gongo, mpaka leo mvua ikitaka kunyesha najua kabla yenu. Halafu tairi linaweka maji, masika ikiingia mnafuga mbu, na mkiyapanga yamegusana maji ya kiwanja hayatoki maana kiwanja kinalalia ndani, bwawa linakaa palepale penye kona. Alama ya ndani iwe ya kuonekana, isiwe ya kugongwa.

mwl_hesabu_tu
Niongeze kidogo kuhusu huyo aliyeitwa mwizi maana watu wanadhani hatua moja si kitu. Kiwanja chenu ukingoni ni kama mita 277. Mtu akiingia ndani mita moja kona zote mbili anaokoa mita 6 na ushee kila mzunguko, mizunguko minne ni mita 25, hizo ni pikipiki kumi na zaidi zimepangwa mkia kwa pua. Kwa hiyo wenzake walikuwa na haki ya kupiga kelele 😄 Hata wakimbiaji wa miguu wana sheria yake, njia ya kwanza inapimwa sentimita 30 nje ya ukingo ulioinuka, kama ni mstari tu basi 20, kwa sababu mtu akiogopa kujikwaa anakaa mbali zaidi.

mtoto_wa_duga
Duh mita 25! Sasa fundi umekataa vyote, chokaa inafutika, tufanyeje?

fundi_wa_kange
Sijakataa chokaa. Mnachora kabla ya boza kumwaga maji, ndo maana. Mwageni maji kwanza, ardhi ishike, ndo mchore, na mrudie kila baada ya mbio mbili, kazi ya dakika tano watu wawili na kopo lililotobolewa. Ila angalieni chokaa gani, ile mbichi haijazimwa ikikutana na maji inachemka, jasho tu linatosha, ikiingia jichoni ni hospitali, na hata iliyozimwa bado inawasha. Chukueni unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, mawe yenyewe ndo haya tuliyokalia Tanga nzima.

Sasa dawa yenyewe. Ndani ya mstari chimbueni ukanda wa mita moja na nusu, udongo ulegee, mpige reki uwe laini kama kitanda cha mchicha. Akiingia gurudumu linazama kidogo anapoteza spidi, na alama ya tairi inabaki. Hakuna ubishi, unakwenda unaonyesha. Kwenye spidiwei, zile mbio za pikipiki za kuzunguka kiwanja cha udongo, sheria ni magurudumu yote mawili yakivuka mstari wa ndani umetolewa, moja tu unasamehewa, igeni hiyo hiyo. (Na msiende kuchota mchanga ufukweni Raskazone jamani.)

babu_klachi
Na kule katikati ya kona chomekeni milingoti ya mkonge yenye kitambaa, ndani zaidi nyuma ya huo ukanda, mtu aone kona ilipo vumbi likiwa zito. Ni mepesi yale, ukiligonga linavunjika lenyewe.

mtoto_wa_duga
Hapo nimewaelewa. Reki tunazo mbili, mkonge tele. Ila duara tulilichora kwa kamba ya mkonge, kona moja imetoka kama yai.

fundi_wa_kange
Kamba ya mkonge ikilowa inajikunja inafupika. Tafuteni waya, kigingi katikati, mzunguke taratibu. Jumamosi nipo, nikute hamjaanza kuchimba.