Mshono wa mnyororo: kitambaa kinajikunja mstari unapopinda, na aina zake nyingine zinashonwaje?

Mwali_wa_Ngamiani:
Assalaam alaykum, wanajamvi. Ninadarizi foronya mbili za bafta nyeupe kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu hapa Tanga, nazo nimezichora maua ya asumini yenye vikonyo vilivyojipinda. Mshono ninaoufahamu ni wa mnyororo peke yake. Kwenye mstari ulionyooka vitanzi vinalala vizuri, lakini kila kikonyo kinapopinda kitambaa hujivuta na kufanya mikunjo, na kitanzi cha mwisho hulegea. Aidha, kwenye foronya za shangazi yangu kuna mnyororo wa rangi mbili zinazopokezana kitanzi kwa kitanzi, wala sioni mahali uzi ulipokatwa. Naomba kuelekezwa.

Fundi_Chumbageni:
Waalaykum salaam, dada, na hongera kwa harusi. Kitanzi kimoja ni kipande kifupi cha mstari ulionyooka, kwa hiyo vitanzi virefu haviwezi kufuata duara bila kukivuta kitambaa; ikiwa kwenye mstari wa kawaida unashona milimita 4, mstari unapopinda sana shuka hadi 2. Uvute uzi kuelekea kule mshono unakokwenda, na uache mara tu kitanzi kinapoikumbatia sindano. Kitanzi kizuri hubaki na tumbo kidogo. Kikibanwa hadi kikafanana na mstari, hapo ndipo mikunjo inapoanzia. Uzi wa kudarizia kwa kawaida una nyuzi 6 zinazotenganishika, na kwa bafta 2 au 3 zinatosha.

Kitanzi cha mwisho kishikize kwa kishono kifupi kinachopita juu ya kichwa chake, kisha upitishe uzi nyuma, chini ya mishono kadhaa, kabla ya kukata. Jambo hili usilipuuze, kwa sababu mnyororo mzima ni uzi mmoja uliopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, na ncha ikiachia hufumuka kuanzia mwisho kama mdomo wa kiroba cha unga. Pembe kali kama ncha ya jani ina dawa yake: shikiza kitanzi kilichofika pembeni, kisha uibuke tena ndani yake na kuanza mnyororo mpya.

Bi_Makorora:
Mwanangu, aina nyingi za mnyororo zinatofautiana kwa mahali sindano inapozama mara ya pili. Ikizama katika tundu lile lile ilipoibukia, huo ndio mnyororo wa kawaida. Ikizama pembeni, kitanzi hufunguka na mstari huonekana kama ngazi, ambayo mwisho wake lazima ushikizwe pande zote mbili. Ikizama nje ya kitanzi, kushoto kidogo, na kuibuka mbele huku uzi ukikatiza, utapata mnyororo uliosokoteka. Huo ndio ningeuchagua kwa vikonyo vyako, maana unakaa kama kamba nyembamba. Petali za asumini ni vitanzi vilivyoachanishwa, kila kimoja kikishikizwa peke yake.

Ule wa shangazi yako ni rahisi kuliko unavyoonekana. Tunga rangi mbili katika sindano moja. Kwenye kila kitanzi pitisha rangi moja tu chini ya ncha ya sindano, na ile nyingine uiache nje. Ukivuta, iliyoachwa huzama nyuma. Ikibaki kidogo juu, ivute peke yake.

Msomaji_Raskazone:
Ninaafikiana na waliotangulia, ila ningeongeza kwamba fremu ya kushikilia kitambaa ikikazwa sana inauharibu mshono huu, kwa sababu sindano inapaswa kuzama na kuibuka kwa mwendo mmoja, na kitambaa kilichokazwa hakiruhusu. Ilegeze. Wanaokaza fremu ni wale wanaotumia kulabu, kama mochi, wadarizi wa jadi wa Kutch huko India, ambao uzi wao unakaa chini ya kitambaa na kulabu ndiyo inayouvuta juu.

Mwali_wa_Ngamiani:
Ahsanteni sana. Je, rangi ya pili inaweza kuzungushwa juu ya mnyororo uliokwisha kushonwa?

Bi_Makorora:
Inawezekana. Pitisha uzi chini ya kila kitanzi bila kugusa kitambaa, na ili ncha isichane nyuzi, tanguliza upande wa tundu la sindano.