Naomba ushauri: injini ya Land Rover imekamata baada ya kukaa miaka

Wakuu habari zenu. Nipo Tanga, Chumbageni. Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya petroli, ile injini ya lita 2.25. Imelala chini ya mwembe tangu mzee aanze kuugua. Bodi haina shida sana, ni aluminiamu; fremu ndiyo inaliwa na chumvi ya bahari.

Nimefungua plagi. Tatu ni kavu, ya nne imetoka na unga wa kutu kwenye ncha. Hendeli ya mbele ya kuzungushia injini kwa mkono inagoma kabisa. Petroli ya kwenye tangi inanuka kama rangi iliyooza, hiyo naimwaga tu.

Fundi mmoja anataka tufunge betri mpya tupige stata mpaka iachie. Huko naona ni kuvunja ringi za pistoni makusudi. Mwingine anasema tumimine ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na dizeli kwenye matundu ya plagi, iloweke siku kadhaa, kisha tuizungushe taratibu kwa hendeli, gia ikiwa huru.

Mliowahi kupitia haya: niloweke kwanza, au kwa kutu hiyo nifungue silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) moja kwa moja? Na gasketi yake naipata hapahapa au mpaka Kariakoo? Mniambie na gharama bila kunificha, maana mama ameshaanza kuulizia wanunuzi wa chuma chakavu.