Tumelipia faiba ya gigabiti, nusu ya ofisi bado inapitishwa redioni!

Assalamu alaykum wanajukwaa. Leo natoa la moyoni, na msinambie nipunguze jazba.

Ofisi yetu ina matawi mawili hapa Pemba, Chake na Wete. Zamani tukiunganishwa kwa redio za mnarani, megabiti 80 kwa sekunde siku ikiwa njema. Mwaka huu tajiri katoa pesa, tumekodi faiba ya gigabiti moja, redio ikabaki akiba faiba ikikatika. Akaletwa kontrakta kutoka Unguja azipange ruta, vile vifaa vinavyochagua mawasiliano yapite njia ipi. Kaja, kaunga, kapima kasi kwa laptopu yake, "inaruka hii", kapokea chake, huyo Mkoani kuwahi boti.

Tangu hapo ni vituko. Pale Wete, wa meza hii anafungua faili la seva ya Chake papo hapo, wa meza ya pili anangoja mpaka chai inapoa. Na ni kompyuta zile zile kila siku! Tukipiga simu tunaambiwa kompyuta mbovu. Ya mhasibu ikabadilishwa, mpya ikapewa anwani nyengine ya IP, ikawa nzima, kontrakta akajisifu. Haukupita muda, aliyerithi ile anwani ya zamani naye akaanza kulia.

Nenosiri walilotuachia ni la kuangalia tu, basi nikaangalia. Kwenye jedwali la njia, za kwenda Chake zimo mbili, faiba na redio, gharama sawasawa (gharama hapa si pesa, ni namba ya ruta: njia yenye namba ndogo ndiyo inayochaguliwa). OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuchagua njia, inaziona pacha, kwa hiyo inagawa mawasiliano huku na huku kwa kutazama anwani ya anayetuma na ya anayepokea. Aliyeangukia redioni hatoki.

Ruta hizi za Cisco, usipozigusa, hukokotoa gharama kwa kugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na jawabu haishuki chini ya 1. Megabiti 100 ni 1, gigabiti ni 1, gigabiti 10 nayo 1! Hesabu ya enzi zile megabiti 100 zilipokuwa nyingi. Mtaalamu wa kweli huipandisha ile 100 kwa amri ya auto-cost reference-bandwidth, tena kwenye ruta zote. Na kwetu hiyo peke yake haitoshi. Redio imechomekwa kwenye mlango wa gigabiti, ruta inaona kasi ya mlango, haijui kuwa hewani zinapita 80. Gharama ya redio lazima iandikwe kwa mkono, iwe kubwa kuliko ya faiba, Chake na Wete pia. Ukiandika upande mmoja, kwenda kutapita faiba na kurudi kutaendelea kugawanyika. Kazi yenyewe mistari miwili!

Nimemwandikia kontrakta yote haya. Jawabu yake ati mvua za masika, tununue kasi zaidi. Mvua inaingiaje kwenye faiba iliyofukiwa? Nenosiri kamili nalo hatoi, "siri ya kampuni". Ruta tumenunua sisi, risiti ninazo!

Malipo yake ya matengenezo nimeshamwomba tajiri ayazuie. Sasa naulizeni, nikiingia kwa konsoli, lile tundu la kuchomeka kompyuta kwenye ruta yenyewe, kubadilisha nenosiri, nitajuaje mapema kama jamaa kaifunga njia hiyo ya kubadilisha? Maana akiwa kaifunga, nikijaribu tu usanidi wote, yaani mipangilio ya ruta, unafutika. Na mwenye kebo ya konsoli hapa Chake anambie, Ijumaa baada ya sala ofisi haina mtu.