Tupeane uzoefu: kokteli za rangi kwa likyua (pombe tamu) ya chungwa

Kaunta_Ntinda
Wateja wa Kampala wanapenda glasi ya kupigwa picha kwanza, kunywewa baadaye. Tatizo ni kwamba nyingi zikishapigwa picha hazinyweki, ni sukari tupu. Wanaojua kazi hii wekeni vipimo, si maneno.

Naanza na White Lady. Gin ml 40 (Uganda Waragi inafaa kabisa), triple sec (likyua ya chungwa isiyo na rangi) ml 30, maji ya limau bichi ml 20. Tikisa na barafu sekunde 12 hadi 15, mpaka sheka (kopo la kutikisia) ishike umande na mkono uanze kuuma. Chuja kwenye glasi iliyopoa. Hivyo vipimo ni vya likyua ya asilimia 40 kama Cointreau. Soma lebo yako: za bei nafuu nyingi zina kilevi kidogo, 15 hadi 25, na utamu mwingi. Ukiwa na hiyo, weka waragi ml 50, likyua 20, limau 20. Shira usiguse.

RangiRangi
Blue curaçao isiwatishe. Ni likyua ileile ya maganda ya machungwa iliyotiwa rangi ya chakula; jina limetoka kisiwa cha Curaçao, huko Karibi, penye machungwa machungu yaitwayo laraha. Kwa hiyo inaingia mahali pa triple sec bila kuharibu ladha, ila angalia sukari yake.

Kinachoharibika ni rangi. Bluu na juisi ya nanasi inatoa kijani safi: ml 15 kwa ml 60. Bluu na pasheni inatoa kijani cha jeshi, kwa sababu pasheni yetu ina wekundu ndani yake. Bluu na juisi ya chungwa, mkubwa, hiyo ni rangi ya mfereji wa maji machafu wa Nakivubo. Rangi hizo mbili zinauana. Ukitaka zambarau, ongeza kwenye bluu maji ya rosela kidogokidogo kwa kijiko cha chai, ukikoroga na kutazama. Bitiruti pia inakubali, lakini ikizidi inanukia udongo.

mama_juisi
Na zile zenye matabaka? Mimi nikimimina bluu juu inazama yote.

Kaunta_Ntinda
Inazama kwa sababu ya sukari. Chenye sukari nyingi ni kizito, chenye kilevi kingi ni chepesi, na blue curaçao peke yake ni nzito kuliko juisi. Dawa yake ni kuichanganya kwanza na waragi: ml 10 za bluu kwa ml 30 za waragi, kwenye kikombe cha pembeni. Mchanganyiko huo sasa ni mwepesi kuliko juisi.

Jaza glasi ndefu barafu mpaka juu. Mimina shira ya rosela ml 15 ishuke chini. Fuata na juisi ya nanasi iliyochujwa ml 90, taratibu, ikigonga barafu na si chini ya glasi. Halafu geuza kijiko, mgongo ukigusa barafu, na upitishie ule mchanganyiko wa bluu. Utapata nyekundu, njano, kijani chembamba, bluu. Usitie barafu mwishoni wala soda juu. Mapovu yanavuruga kila kitu. Mpe mteja mrija akoroge mwenyewe, la sivyo atameza waragi kavu kwanza.

Baridi256
Barafu jamani! Umeme ukikatika na kurudi, vipande vinayeyuka nje na kugandana. Ukitikisa na barafu yenye maji, kinywaji kimejaa maji kabla hakijapoa. Mwaga maji yote ndipo utie pombe. Igandishe kwa maji yaliyochemshwa, mbali na samaki.

Ganda_la_Teso
Kama likyua imepanda bei, tengeneza. Machungwa 5 ya Teso. Ngozi kuwa kijani si ubichi, joto la usiku ndilo linaloinyima rangi. Sugua, kausha, menya ganda la juu tu. Ule weupe wa ndani ukiingia, uchungu hautoki tena. Loweka kwenye waragi ml 500 ndani ya chupa ya kioo siku 4, ukionja kuanzia ya pili. Chuja. Yeyusha sukari g 200 kwa maji ml 150, acha shira ipoe kabisa, changanya, pumzisha siku 2. Utapata kama asilimia 25. Ikipoteza uangavu wake haijaharibika: mafuta ya ganda yanajitenga kilevi kinaposhuka.

RangiRangi
Waragi ya chupa yenye lebo, tafadhali. Si lira-lira, si kasese, zile kali za kienyeji. Kabale mwaka 2010 watu walikufa kwa methanoli iliyokuwa kwenye pombe ya kienyeji. Kuiwasha moto uone rangi hakuthibitishi kitu, na kuichemsha hakuisafishi.

mama_juisi
Asanteni. Na asiye na kipimo cha baa apime kwa nini?

Baridi256
Kile kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi kina alama za ml. Kioshe vizuri. Kijiko cha chai ni ml 5, cha mezani 15.

Kaunta_Ntinda
Na ukiishiwa limau, soda ya Krest Bitter Lemon baridi ml 120 juu ya waragi 30 na bluu 15, moja kwa moja kwenye glasi. Hiyo usiitikise, itakulipukia.