Naomba ushauri: tasnifu ya historia juu ya gemu za kompyuta, msimamizi hataki kusikia

Mwaka wa Mwisho:

Wakuu, salamu kwenu wote. Mimi ni mwanafunzi wa historia, nipo mwaka wa mwisho, na nimekwama kwenye mada ya tasnifu. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Nje ya vipindi muda wangu unakwenda kwenye mambo mawili: kufuatilia siasa na kucheza gemu za mikakati, zile za kuongoza dola kwa karne kadhaa, siyo za kurushiana risasi. Zamani nilikuwa nikitoka kwenye kitabu naingia kwenye gemu, nikitoka kwenye gemu nasikiliza mijadala ya bunge, kila kimoja kivyake. Siku hizi vinaingiliana, na siwezi tena kuvitenganisha.

Chukueni Europa Universalis IV. Inaanza tarehe 11 Novemba 1444 na unaweza kuchagua kuongoza Kilwa. Nilipoiona Kilwa kwenye ramani ile, imo pamoja na Ureno na Venisi, nilifurahi sana. Lakini ukishakaa kwenye kiti cha sultani unaona nini? Mtawala ana alama tatu, za utawala, diplomasia na jeshi, kila moja kuanzia 0 hadi 6. Utulivu wa nchi nzima ni namba moja, kuanzia -3 hadi +3. Wananchi wakianza kuchemka kuna kitufe cha kuwashughulikia kwa ukali: unatoa pointi za kijeshi, maandalizi ya uasi yanarudi nyuma, wewe unaendelea na hesabu zako za biashara. Waasi wana madai, sikatai, ila ni ya mafungu yaliyokwisha kupangwa: wanataka kujitenga, wanataka dini yao, wanataka kumpindua aliyepo. Mvuvi aliyepandishiwa ushuru hana mahali pa kusema.

Sasa linalonisumbua. Nikisoma habari za maandamano, nchi yoyote ile, swali la kwanza kunijia ni "serikali itawatuliza vipi?" kabla ya "hawa watu wamefanywa nini?" Sijui ni gemu zimenizoesha hivyo, au ndivyo tulivyosomeshwa historia yenyewe, maana hata vitabuni tunaanza na wafalme na tarehe za vita.

Nilimpelekea msimamizi wangu wazo la kuandika jinsi gemu zinavyoonyesha dola za Afrika kabla ya ukoloni. Akaniambia gemu si chanzo cha historia, nitafute mada ya maana. Sitaki kubishana naye kwa ubishi tu, ni mtu anayeijua kazi yake. Je, wazo hili lina mashiko au niliache? Kama lina mashiko, nilijenge vipi lisimame mbele ya wanahistoria? Na hilo la siasa, kuna mwenzangu linamtokea?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Nyaraka:

Mdogo wangu, wewe na msimamizi wako mnazungumzia vitu viwili tofauti, ndiyo maana hamsikilizani. Gemu iliyotoka 2013 haiwezi kuwa ushahidi wa Kilwa ya 1444. Ukirudi kwake na dai hilo atakukatalia tena, na atakuwa sahihi. Lakini gemu hiyohiyo ni ushahidi mzuri wa jinsi watu wa 2013 walivyoifikiria Kilwa. Chanzo hakiwi chanzo peke yake, kinakuwa chanzo kwa swali fulani. Badili swali.

Na usiandike "dola za Afrika". Ni pana mno, utazama. Chagua dola moja au mbili zenye nyaraka unazoweza kuzisoma mwenyewe. Kilwa inafaa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko 1331 akaandika alichokiona. Tarehe ya kale ya Kilwa, yaani historia yake iliyoandikwa zamani, imetufikia kwa njia mbili, nakala ya Kiarabu na muhtasari ambao Mreno João de Barros aliuingiza katika kazi yake ya 1552, na hizo mbili hazikubaliani kila mahali. Kisha angalia nani alikuwa madarakani Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505. Alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuhesabiwa kuwa sultani halali. Maamiri walikuwa wamekwisha kushika nguvu, usultani ukagombaniwa na makundi. Sasa rudi kwenye gemu yako inayokupa mtawala mmoja mwenye alama tatu. Pengo lililopo hapo ndiyo tasnifu.

Kambi ya Popo:

Nimeweka kambi hapa. Uzi mzuri huu.

Kibodi Moto:

Mkuu mleta mada, mimi ni mtu wa programu, historia niliiacha sekondari, kwa hiyo nitachangia upande wangu.

Watu wakikosoa gemu za historia hukimbilia picha: nguo siyo zile, ngome haikuwa hivyo. Hayo madogo. Siasa ya gemu imo kwenye kanuni zake, kwenye kile inachokuzawadia na kile inachokutoza. Mfano ninaoupenda ni Civilization II ya 1996. Ukiwa na serikali ya kidemokrasia, Seneti inaweza kukuzuia usianze vita. Kwa mtu anayesoma siasa, hiyo ndiyo kazi ya bunge. Kwa mchezaji ni kero: umepanga majeshi mpakani, wamekukatalia. Hakuna mahali gemu imeandika kwamba bunge ni kikwazo, lakini ukicheza miezi mitatu umeshalichukia.

Na hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alisajili haki ya mchezo wake wa ubaoni, The Landlord's Game, akitaka watu waone kwa vidole vyao jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kodi huku wapangaji wakifilisika. Ndio uliozaa Monopoly, ambayo leo watu wanaicheza wakishangilia kumfilisi mwenzao. Kanuni nyingi ni zilezile, shabaha imegeuzwa kabisa. Ukiuelewa mfano huo hutapata shida kumweleza msimamizi kwamba mchezo unaweza kubeba hoja ya kisiasa.

Kwa hiyo kwenye tasnifu usielezee gemu kama unasimulia filamu. Orodhesha kanuni: mchezaji anaweza kufanya nini, hawezi nini, gemu inahesabu nini, haihesabu nini.

Mpiga Kura:

Naomba nitofautiane kidogo na wengi, hasa kwenye hofu ya mleta mada. Gemu hazijakuharibu, ndugu. Kuwatazama watu kwa macho ya mtawala kuna umri mkubwa kuliko kompyuta yoyote. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakifunzwa kwa mchezo wa vita wa mezani tangu miaka ya 1820, na waandishi wa tarehe za kifalme walikuwepo karne nyingi kabla ya hapo. Umesema mwenyewe kwamba hata vitabu vinaanza na wafalme. Tatizo umelikuta, hukuletewa na gemu.

Mimi Adwa, pale Ethiopia ilipoishinda Italia vitani, niliijua kupitia gemu. Nilikuwa nikicheza Civilization VI walipoongeza Ethiopia ya Menelik II mwaka 2020, nikataka kujua huyu ni nani hasa, nikaishia kusoma kuhusu tarehe 1 Machi 1896, Mkataba wa Wuchale na yale maandishi yake mawili, la Kiamhara likisema Ethiopia inaweza kuwasiliana na Ulaya kupitia Italia na la Kiitaliano likisema lazima ipitie huko. Hakuna mwalimu aliyenisukuma. Nadhani tasnifu inayozitazama gemu kwa ubaya tu itakuwa na upungufu, maana inamwacha nje mchezaji anayefunga gemu akaenda kutafuta kitabu. Na wewe mwenyewe ni mmoja wao.

Nanga:

Mpiga Kura, nakuelewa kaka, lakini angalia mchezaji anasimamishwa upande upi kabla hajakitafuta hicho kitabu. Age of Empires II ilipata nyongeza ya dola za Afrika mwaka 2015. Ndani yake mna Mali, mna Ethiopia, mna Waberberi, na mna kampeni ya Francisco de Almeida. Huyo ndiye aliyeiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505. Nyongeza yenye jina la Afrika, na mojawapo ya kampeni zake unaichezea kwenye merikebu za Wareno. Sisemi waliotengeneza walikuwa na nia mbaya. Nasema mtoto wa miaka kumi na minne atajifunza kushinda akiwa Almeida kabla hajasikia Mombasa waliokoka vipi.

Mleta mada, kama unatafuta dola ya pili ya kulinganisha, chukua Kongo. Civilization VI inaye Mvemba a Nzinga, yaani mfalme Afonso I. Gemu imempa kanuni ya pekee: hawezi kuanzisha dini, anafaidika na dini iliyoenea kwenye miji yake kutoka nje. Imempa pia wapiganaji wa ngao na faida kubwa ya masalia matakatifu na sanamu. Kwa gemu ni ubunifu mzuri, inaonyesha walisoma kwamba alikuwa Mkristo.

Lakini tunazo barua za Afonso mwenyewe. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme João III wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na nchi inabaki tupu. Aliomba aletewe mapadri na walimu, na divai na unga kwa ajili ya misa, basi, wala si wachuuzi. Mwaka huohuo akaweka wakaguzi wa kuhakiki kama mtu anayeuzwa amekamatwa isivyo halali. Mtu huyo alikuwa akipambana kwa kalamu na kwa sheria ndani ya mtego ambao yeye mwenyewe alikuwa sehemu yake, kwa sababu biashara ya watumwa aliishiriki. Nimezisoma barua zile mara nyingi na bado zinaniuma. Kwenye gemu Afonso amebaki na dini, barua hazimo na utumwa haumo. Ungeanzia hapo ungekuwa na sura nzima.

Mwaka wa Mwisho:

Nashukuru sana wakuu, sikutarajia haya. Dada Nanga, barua za Afonso tulizigusa darasani kwa sentensi moja, kesho nazitafuta. Mpiga Kura, hoja yako nimeichukua na itaingia, kwa sababu nikijitazama, furaha ya kuiona Kilwa kwenye ramani ndiyo iliyonipeleka kwa Ibn Battuta.

Ninavyofikiria sasa: Kilwa na Kongo tu, gemu mbili tu, na swali liwe ni nani anayepewa uwezo wa kutenda ndani ya kanuni na nani anageuzwa namba. Victoria 3 naiacha ingawa inanivuta, kwa sababu inaanza 1836 na huko jamii nyingi za Afrika zimewekwa kama nchi zisizo na serikali kuu, huwezi hata kuzichagua, zipo zikisubiri kutawaliwa. Hiyo peke yake ni tasnifu nyingine.

Swali moja limebaki. Msimamizi anaweza kuniuliza, kama gemu ni ushahidi wa fikra za wakati wake, nitathibitishaje kwamba fikra hizo zilibadilika?

Mzee wa Nyaraka:

Swali zuri, na hapo gemu zinakupa kitu ambacho vitabu havikupi kwa urahisi: zinasahihishwa hadharani. Nimeambiwa Europa Universalis IV ilibadilishwa sana kwenye suala la teknolojia. Kibodi Moto atanisahihisha.

Tahadhari moja lakini. Usiamini kila hadithi ya wachezaji. Ile habari kwamba Gandhi kwenye Civilization ya kwanza alipenda mabomu ya nyuklia kwa sababu ya kosa la hesabu, namba ya ukali wake ikishuka chini ya sifuri inaruka hadi 255, imesambaa miaka mingi, hata watu wazito wameirudia. Sid Meier, mbunifu wa gemu hiyo, aliikanusha mwenyewe mwaka 2020. Kila unachodai kuhusu gemu ukione kwa macho yako kwenye skrini, au ukitoe kwenye shajara za watengenezaji. Na kabla hujarudi kwa msimamizi, pitia jarida la Game Studies, lipo tangu 2001 na linasomwa bure. Mpelekee ukurasa mmoja: swali, nyaraka za Kilwa na Kongo, kanuni utakazochunguza. Neno "gemu" lisiwe la kwanza kwenye ukurasa huo, yaanze majina ya nyaraka.

Kibodi Moto:

Umepatia, mzee. Mwanzoni dola ziligawanywa kwenye makundi ya teknolojia. Ulaya Magharibi ililipa bei ya kawaida, Kilwa na wenzake wakalipa zaidi kwa kila hatua, na njia ya kutoka ilikuwa kujigeuza kuwa kama Wamagharibi. Toleo la 1.18 la mwaka 2016 liliyaondoa, likaleta taasisi kama mashine ya kuchapa na biashara ya dunia, ambazo huzuka mahali kisha huenea. Mwamko wa sanaa (Renaissance), mojawapo ya taasisi hizo, bado unazukia Italia, lakini adhabu ya kuzaliwa upande fulani wa ramani haipo tena kwa sura ileile.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, fungua sifa za gemu, ingia sehemu ya matoleo ya majaribio, utakuta orodha ya matoleo ya zamani. Pakua mojawapo lililotangulia 1.18, anzisha Kilwa tarehe 11 Novemba 1444, usibonyeze kitu, piga picha ya ukurasa wa teknolojia. Kisha rudia hivyohivyo kwenye toleo la mwisho. Andika namba ya toleo chini ya kila picha, maana mtahini atakuuliza.